Mama kwenye ubatizo si yule wa kwenye sensa

SWALI: Mume wangu ni Mmarekani mwenye asili ya Norway. Kitabu cha kanisa kinaonyesha babu wa babu yake alibatizwa mwaka 1858, mama akiwa Ingeborg. Sensa ya 1865 ina baba yuleyule, Ole Hansen, na shamba lilelile, ila mke ni Marit. Je, tumechanganya familia mbili?

JIBU: Inawezekana, dada, lakini mimi ningeanza kwa kumtafuta Ingeborg kwenye orodha ya mazishi ya usharika huohuo, kuanzia siku ya ubatizo hadi mwisho wa 1865. Wanawake wengi walifariki wakijifungua au muda mfupi baadaye, na mwanamume aliyebaki na watoto wadogo shambani hakukawia kuoa tena.

Ukimpata, nenda kwenye orodha ya ndoa. Kufikia miaka hiyo wachungaji walikuwa wakijaza fomu zenye safu zilizochapwa: umri, mahali pa kuzaliwa, majina ya baba wa pande zote mbili na wadhamini wa ndoa. Ukiona bwana harusi ameandikwa “Enkemand”, huyo ni mgane, na jambo lako limekaribia kuisha.

Kisha irudie sensa uwatazame watoto. Mgane akioa tena, ilikuwa desturi binti wa kwanza wa ndoa mpya kupewa jina la marehemu. Kukiwa na Ingeborg wa miaka miwili mitatu nyumbani kwa Marit, ni ushahidi mzuri sana, mradi mama yake Marit au mama yake Ole hakuwa na jina hilo.

Tahadhari yangu kubwa ni kuhusu shamba. Hansen hapo ina maana ya mwana wa Hans tu. Majina ya ukoo ya kudumu yalikuja kulazimishwa na sheria ya 1923. Na jina la shamba lilikuwa anwani: mtu akihama, linabadilika. Wapangaji wadogo walioishi kwenye vibanda pembezoni nao waliandikwa kwa jina la shamba hilohilo, kwa hiyo kina Ole Hansen wawili, mmoja mwenye shamba na mwingine mpangaji, si ajabu kabisa. Linganisha umri na kazi. Sensa ya 1865 ilihesabu hata mifugo na mbegu zilizopandwa, na mwenye ng'ombe wengi hafanani na mwenye kondoo wawili.

Wasimamizi wa ubatizo usiwaruke. Mara nyingi ni shangazi, wajomba na majirani. Wakijirudia kwa watoto wa Ingeborg na wa Marit, nyumba ni moja.

Picha za vitabu hivi zipo bure Digitalarkivet, tovuti ya hifadhi ya nyaraka ya taifa ya Norway. Usiishie kwenye faharasa, fungua ukurasa wenyewe. Mwandiko wa mchungaji ukikushinda, tafuta nakala ya karani wa kanisa, maana vilitunzwa vitabu viwili, na mara nyingine kimoja kinasomeka vizuri zaidi.