Koo likibana ukikimbia, si lazima iwe pumu

Wewe unayevuta dawa ya pumu kabla ya mazoezi na bado koo linakubana, hebu sikiliza vizuri: unakosa hewa ukiivuta au ukiitoa?

Mimi ilikuwa nikivuta. Kila nilipoongeza kasi, koo lilikaza na pumzi ikaingia kwa sauti ya kukwaruza. Nikisimama, baada ya dakika chache niko sawa. Pumu ya mazoezi kwa kawaida haiko hivyo: hubana kifua, mluzi husikika zaidi unapotoa pumzi, na mara nyingi huzidi ukishasimama. Langu lilikuwa tatizo la zoloto, yaani sehemu ya koo inayotoa sauti. Nyuzi za sauti, ambazo hutakiwa kufunguka hewa inapoingia, zilikuwa zikisogeleana na kuziba njia. Huwapata sana vijana, hasa wasichana wanamichezo. Na mtu anaweza kuwa na yote mawili, kwa hiyo usiache dawa za pumu bila ruhusa ya daktari.

Vipimo vya mapafu ukiwa umetulia vinaweza kutoka safi kabisa. Kipimo cha uhakika ni kamera nyembamba inayopitishwa puani huku unakimbia. Kama hakipatikani, mtu akurekodi kwa simu ukiwa umebanwa, daktari aisikie sauti yenyewe.

Nilipoelekezwa kwa mtaalamu wa tiba ya usemi nilishangaa, maana sina kigugumizi. Kumbe misuli ya koo ndiyo kazi yake. Alinianzisha nikiwa nimelala chali, mkono juu ya tumbo: tumbo lipande, mabega yatulie, taya lilegee. Kisha nivute pumzi fupi puani, kama mtu anayenusa, kwa kuwa kunusa hufungua nyuzi za sauti. Kuitoa ni polepole, midomo ikiwa imebanwa kidogo. Nikiweza nikiwa nimelala, tunahamia kutembea, halafu ngazi, ndipo mbio.

Nakuomba sana, jizoeze kila siku ukiwa huna shida yoyote. Koo likishafunga, huwezi kujifunza kitu. Mbinu hii itumie mara tu unapohisi linaanza kukaza. Kiungulia na makamasi yanayoshuka kooni huchochea tatizo, navyo vitibiwe.

Ila ukibanwa na kupumzika kusisaidie, midomo ikageuka rangi au ukazimia, wahi hospitali.