Ukivua gwanda, usiache daftari la karakana

Wadogo zangu niliowaacha karakana ya jeshi hunipigia simu wakikaribia kustaafu: "Afande, gereji nifungue Uyole au Mbalizi, huku Mbeya?" Nami huwauliza makaratasi yao yako wapi.

Uraiani nyota za begani hazisomeki. Kujiita mhandisi, sheria inataka uwe umesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, na mwenye shahada hufanya kazi chini ya usimamizi kwa miaka isiyopungua 3 kabla ya kufika daraja la mhandisi mtaalamu. Basi andika ungali kazini: giaboksi ulizofungua, mafundi uliowasimamia, ratiba za servisi ulizopanga. Siri za kikosi ziache kikosini.

Kazi ngumu zaidi ni tajiri wa lori. Jeshini ukisema gari halitoki, halitoki. Huku tajiri ameshapakia mzigo Tunduma, anataka ufike Dar, na neno lake ni "litafika tu". Usimfokee, hakupigii saluti huyo. Mfanyie hesabu: bei ya laini za breki, zile zinazosugua ngoma, upande mmoja, na upande wa pili hasara ya lori kulala Ilula na mzigo wa watu. Kisha mweleze mteremko mkali wa Kitonga. Dereva akishuka pale huku amekanyaga breki mwanzo mwisho, ngoma zinashika moto na kupanuka, na breki zinakufa hata kama matangi ya breki yamejaa upepo. Dawa ni gia ndogo tangu juu ya mteremko, na breki ya injini. Matangi yenyewe yatolewe maji yaliyojikusanya ndani kila jioni. Hata utingo anaiweza kazi hiyo, ila lazima iandikwe daftarini na isainiwe. Sahihi ndiyo inayomfanya mtu akumbuke, jeshini na uraiani. (Betri iliyochoka haihitaji daftari, alfajiri ya Julai pale Mafinga hujitangaza yenyewe.)

Gereji, kwa maoni yangu, isubiri. Omba kwanza kazi kwenye kampuni ya malori, au kwenye mashamba ya chai Mufindi, hata kama mshahara ni mdogo kuliko ulivyozoea. Jeshini spea uliijaza kwenye fomu ikaja. Huku utajua bei yake, utajua ipi feki, na utajua duka lipi linakukopesha hadi mwisho wa mwezi. Kiinua mgongo hakifai kuwa ada ya masomo hayo.