Maswali ya Wasomaji: Mtandao wa Kiwandani Unapopoteza Vituo

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni fundi umeme katika kiwanda cha kusindika minofu ya sangara hapa Mwanza. Mtandao wetu wa PROFIBUS (kebo moja inayounganisha mashine na kompyuta inayoziendesha) una vituo 24, yaani vifaa vilivyoungwa kwenye kebo hiyo, kasi ya 1.5 Mbit/s, kebo moja ya mita 260 isiyo na ripita (kifaa cha kuimarisha ishara njiani), na mzunguko mmoja wa mawasiliano huchukua milisekunde 8. Wiki iliyopita PLC, yaani kompyuta hiyo inayoendesha mashine, ilitangaza mara tatu kwamba kituo kimepotea, na kila mara laini ya uzalishaji ilisimama kwa takriban dakika 20. Tumebadilisha konekta bila mafanikio. Meneja anataka nimwambie kwa asilimia mtandao huu unaaminika kiasi gani. Nimjibu nini?
Fundi, Nyakato

JIBU: Ndugu Fundi, asilimia anayoitaka meneja ni rahisi kuipata. Dakika 20 mara tatu ni saa moja. Ukiiondoa katika saa 168 za wiki, laini ya uzalishaji ilikuwa tayari kufanya kazi kwa asilimia 99.4 ya muda. Mpe tarakimu hiyo, ila umweleze kwamba matukio matatu ni machache mno kutabiria wiki ijayo, na kwamba haisemi chochote kuhusu chanzo.

Kwanza kuna jambo la kebo, ambalo halihitaji hesabu. Kwa kasi ya 1.5 Mbit/s, kipande kimoja cha PROFIBUS hakipaswi kuzidi mita 200. Kebo iliyozidi urefu huweza kufanya kazi kwa muda mrefu bila kulalamika, lakini haina akiba ya kuhimili kelele za umeme. Weka ripita, au shusha kasi hadi 500 kbit/s ambako mita 400 zinaruhusiwa. Mzunguko utarefuka karibu mara tatu, na sidhani kama vyumba vya baridi vitaona tofauti.

Sasa tuje kwenye kipimo chenyewe. Ujumbe ukiharibika njiani, kifaa kikuu (hapa ni PLC) huurudia, na mradi marudio yamefaulu hakuna mtu kiwandani anayejua kilichotokea. Ni marudio yanapokwisha bila jibu ndipo kituo huhesabiwa kuwa kimepotea. Kwa hiyo ninyi mmekuwa mkihesabu misiba na kuacha magonjwa. Kinachotakiwa kuandikwa kila saa ni kaunta ya marudio, ambayo husomwa kwenye PLC zenye uwezo huo au kwa kifaa cha kupimia kinachosikiliza kebo.

Chukua takwimu zako. Vituo 24 kwa mizunguko 125 kila sekunde ni mawasiliano 3,000 kwa sekunde, yaani takriban bilioni 1.8 kwa wiki. Tuseme kila ujumbe unaruhusiwa marudio moja tu, na kwamba makosa hutokea ovyo, kila moja bila kuhusiana na jingine. Ili kituo kipotee mara tatu katika bilioni 1.8, ujumbe mmoja kati ya takriban 24,600 ungelazimika kuharibika, na kaunta ingeonyesha marudio karibu 440 kila saa, mchana na usiku.

Soma basi kaunta. Ukikuta mamia yaliyotawanyika hivyo kila saa, tatizo ni la kudumu: urefu wa kebo, rezista za mwisho wa laini (zinazofungwa kwenye ncha mbili za kebo ili ishara isirudi nyuma), au wavu wa kinga wa kebo usiofungwa vizuri kwenye ethi. Ukikuta sifuri kwa saa nyingi kisha mamia ndani ya dakika moja, makosa yanakuja kwa mafungu na mkosaji ana saa yake ya kazi. Linganisha saa hiyo na kuwaka kwa kompresa na inveta zake, na radi za usiku ziwani, na hasa zamu ya kuosha. Naitaja zamu ya kuosha kwa makusudi: rezista za mwisho wa laini ya PROFIBUS huhitaji volti 5 kutoka kwenye kifaa zilikofungwa, hivyo waoshaji wakizima mashine iliyo mwisho wa kebo, laini nzima hubaki bila ncha iliyo sawa ingawa konekta zote ni mpya.

Siku mtambo umezimwa, tenganisha vifaa vyote na upime ukinzani kati ya nyaya A na B, zile mbili za data ndani ya kebo. Utarajie omu 110, na chache zaidi kwa ajili ya urefu wa kebo. Ukipata karibu 220, swichi ya rezista za ncha moja imezimwa; ukipata 73 hivi, mtu amewasha ya tatu katikati ya laini, kosa ambalo hufanyika sana baada ya kubadilisha konekta.

SWALI: Tunasoma kina cha tangi la maji kwa Modbus RTU, njia nyingine ya vifaa kutumiana ujumbe kwa waya. Je, ujumbe ulioharibika unaweza kupita kama mzima?
Msomaji, Musoma

JIBU: Unaweza, ingawa kwa nadra. Ukaguzi wa biti 16, yaani namba ya kuhakiki inayofuatana na kila ujumbe, huacha takribani ujumbe mmoja kati ya 65,536 upite pale data inapokuwa imevurugika kabisa. Kwa sababu hiyo, programu yako ikatae kina kinachoruka mita nzima ndani ya sekunde moja, isome tena, na pampu isizimwe kwa kipimo kimoja pekee.