Injini imetoka ovahoo (imefumuliwa na kufungwa upya), niiache sailensa (inaunguruma gari imesimama) kutwa nzima?

SWALI: Fundi shikamoo. Niko Morogoro, Noah yangu yenye injini ya 3S imetoka ovahoo, bloki imechongwa, pistoni na ringi (pete zinazoizunguka) mpya. Fundi wangu anasema niiwashe asubuhi niiache sailensa mpaka jioni, siku mbili, ndo nianze kutembea, tena mwezi mzima nisizidi 40. Ni kweli? Wiki ijayo nina abiria wa Mbeya.

JIBU: Marahaba mdogo wangu, pole na gharama. Hiyo ya sailensa kutwa usiifanye kabisa, gereji nyingi wanaisema na imeshaharibu injini zilizofungwa vizuri tu. Iko hivi, silinda (tundu la bloki ambamo pistoni inapanda na kushuka) ikichongwa inaachiwa mikwaruzo midogo inayokatizana, hiyo inashika oili na ndo ringi inajisugulia hapo mpaka ikae. Sasa kinachoisukuma ringi igandamize ukuta ni presha ya moto ule unaolipuka juu ya pistoni, na kwenye sailensa presha ni ndogo, kwa hiyo ringi inateleza tu, oili inaungua ukutani inatengeneza utando, silinda inakuwa laini kama kioo, ringi haikai tena. Hapo itakula oili na kutoa moshi wa bluu mpaka uifungue upya.

Wewe washa, hakikisha taa ya oili imezima, chungulia chini kama kuna inapovuja, angalia maji, ikishika joto ingia barabarani siku hiyohiyo. Tafuta sehemu imetulia, gia ya tatu, toka spidi 30 mpaka 60 ukikanyaga mafuta nusu, halafu achia mguu injini yenyewe ikurudishe mpaka 30, usikanyage breki. Rudia rudia. Ukiachia pale injini inavuta oili kidogo juu inapooza ringi. Hiyo 40 mwezi mzima nayo ina shida ileile, injini haipati mzigo.

Mbeya mpe mwenzio. Spidi moja masaa na masaa, gari imejaa, halafu mlima Kitonga unakusubiri, hapana. Zunguka mjini, nenda Mikumi urudi ukiwa mwepesi.

Weka oili ya kawaida, sinthetiki baadaye. Ikifika kilometa 500 mwaga pamoja na filta, ukiona inang'aang'aa usiogope, ni unga wa chuma. (Gari mpya ya kiwandani ni habari nyingine, fuata kitabu chake.)

Ikifika kilometa 1,500 anza kupakia. Kama bado kila asubuhi unaongeza oili, mrudie fundi apime kompresheni (presha ndani ya silinda) kabla hujachukua hela ya abiria.