Usiku wa Mtoto Aliyeungua na Pampasi

Mwezi wa Januari hapa Mtwara joto halipungui hata jua likizama. Upepo wa kaskazi huja na unyevu wa bahari, mashuka hushikana na mwili, na mtoto aliyefungwa pampasi tangu saa mbili usiku huamka saa nane akiwa na makalio ya moto kama aliyekalishwa juu ya mvuke wa chungu. Hivyo ndivyo binti yangu alivyoanza kuungua akiwa na umri wa miezi minane. Wiki hiyo alikuwa ameharisha siku tatu, na kwa kuwa mvua ilinizuia kuanika nepi zake za kitambaa, nilikuwa nikimvalisha pampasi usiku na mchana. Usiku wa kwanza nilidhani ni vipele vya joto tu. Usiku wa pili alipiga ukelele mara maji yalipomgusa, na kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika nilimmulika kwa tochi ya simu, nikaona ngozi ya makalio imeiva, inang'aa, na imechubuka mahali pawili.

Ninaandika kwa ajili ya mzazi aliye katika usiku kama huo, kwa sababu ushauri mwingi niliopewa mimi ulikuwa wa mchana: mpeleke, kanunue, muulize fulani. Saa nane za usiku hakuna duka lililo wazi, na mtoto analia. Baada ya kuhangaika siku kadhaa nilitambua kwamba usiku wa mtoto aliyechubuka huamuliwa na yale yaliyoandaliwa kabla ya magharibi, na kwamba mikono ya mama mwenye haraka inaweza kuumiza kuliko mkojo wenyewe.

Kinachotokea ni hiki. Ngozi inayokaa katika majimaji hulainika na kunyauka, kama vidole vya mtu aliyefua tangu asubuhi, na ikisuguliwa na nepi huchubuka kwa wepesi. Mkojo peke yake hauna ukali mkubwa. Ukali huja unapokutana na kinyesi, kwani mchanganyiko huo huondoa ile asidi ndogo ambayo ngozi huwa nayo kama kinga, na hapo vimeng'enya vilivyokuwa vikisaga chakula tumboni huanza kuila ngozi. Ndiyo maana mtoto anayeharisha huungua upesi, na ndiyo maana tatizo hili huwaandama zaidi watoto wa miezi 9 hadi 12, ambao wameshaanza vyakula vingine, kuliko wanaonyonya maziwa ya mama pekee. Mtoto mchanga anaweza kukojoa hata mara 20 kwa siku, lakini kidogo kidogo. Huyu mkubwa hukojoa mara chache, ila mkojo mwingi kwa mkupuo mmoja, kisha akalala humo hadi alfajiri.

Jambo jingine ni kwamba vielelezo vingi huonyesha makalio mekundu ya mtoto mweupe. Kwa watoto wetu weusi wekundu huo mara nyingi hauonekani hivyo. Ngozi huwa nyeusi zaidi kuliko ya jirani yake, au hugeuka zambarau, au hung'aa tu na kuwa ya moto ukiigusa kwa mgongo wa mkono. Nilipoteza usiku mmoja mzima kwa kuutafuta wekundu ambao haukuwepo.

Sasa nieleze makosa yangu, maana yalikuwa mengi na nayaona kwa wenzangu. Kila nilipombadilisha nilimwosha kwa sabuni na kumsugua kwa kitambaa mpaka nione pametakata kabisa, na kwa njia hiyo nilikuwa nikiondoa hata ile ngozi changa iliyokuwa ikijaribu kujijenga upya. Kisha nikampaka poda, kwa kuwa inakausha. Poda hukausha kweli kwa dakika chache, lakini ikilowa hugeuka tope linalojikusanya katika mikunjo ya mapaja na kukwaruza, na vumbi lake mtoto akilivuta huweza kumdhuru mapafu. Jirani mmoja alinishauri unga wa muhogo, mwingine dawa ya meno, na sikuvijaribu kwa sababu tu nilikuwa nimekwisha kutia mguu katika kosa kubwa kuliko hayo yote: nilinunua dukani krimu ya mchanganyiko, yenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kwa pamoja, ambayo muuzaji alinihakikishia kuwa inatibu kila kitu. Steroidi hutuliza uvimbe haraka, na hilo ndilo linalodanganya. Ikifunikwa na pampasi hupenya mwilini zaidi, hufanya ngozi ya mtoto kuwa nyembamba, na inaweza kuyaficha maambukizi huku yakiendelea kuenea. Dawa ya namna hiyo ni ya kuandikiwa na daktari, kwa kipimo chake na kwa siku zake.

Siku ya tano mama mkwe wangu alifika kutoka Newala. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia huku macho yake yako kwa mjukuu, na kabla hajavua viatu akasema, "Mwanangu, mtoto umemfunga kama furushi. Mfungue apigwe na upepo." Alitandika mkeka barazani, juu yake kanga mbili, akamlaza mtoto kifudifudi bila nguo chini, akakaa naye karibu saa nzima. Mtoto alikojoa mara mbili, na mara zote mbili bibi aliondoa kanga na kutandika nyingine bila kusema neno. Jioni ile ngozi ilikuwa imekauka kwa mara ya kwanza tangu aanze kuugua. Naye alikiri kuwa Newala ni rahisi zaidi, kwani uwanda wa juu una baridi na hewa kavu kuliko huku pwani. Lakini kanuni yake ni ileile, na tangu siku hiyo nimekuwa nikimpa binti yangu muda wa kukaa wazi asubuhi na alasiri, ili ngozi iufikie usiku ikiwa na akiba ya ukavu.

Maandalizi yenyewe huanza saa kumi na moja jioni. Nachemsha maji, mengine nayatia katika chupa ya chai na mengine nayaacha yapoe katika jagi lenye kifuniko, ili usiku niyachanganye yawe vuguvugu bila kuwasha jiko. Chupa huiweka mbali na mkono wa mtoto. Katika kikapu kando ya kitanda naweka pamba, vipande laini vya kanga iliyozeeka, pampasi mbili, tyubu ya krimu ya zinki na kopo la mafuta ya nazi. Wanaoishi karibu na pwani wajihadhari na maji ya visima vyenye chumvi, kwani humchoma mtoto mahali palipochubuka. Maji ya bomba au ya mvua yaliyokingwa vizuri yanafaa zaidi. Vile vitambaa vya unyevu vya dukani niliviacha kabisa kwa siku hizo, kwa kuwa manukato na pombe vilivyomo katika baadhi yake huwasha ngozi iliyo wazi.

Kabla ya kulala namwosha kwa maji matupu, namkausha kwa kumgusagusa bila kufuta, namwacha wazi robo saa, kisha nampaka krimu ya zinki nene kama fundi anayepiga lipu ukuta. Watu wengi huipaka kwa uchoyo, utando mwembamba uliosuguliwa mpaka ukapotea, na krimu iliyopotea ndani ya ngozi haimkingi mtoto. Kazi yake ni kukaa juu, iwe ukuta kati ya ngozi na majimaji. Katika maduka ya dawa tyubu hizi huwa na zinki oksidi ya kati ya asilimia 10 na 40, na kwa ngozi iliyochubuka nachagua yenye kiwango cha juu, isiyo na harufu. Asiyekuwa nayo apake mafuta ya mgando yasiyo na manukato, nayo yatamfikisha asubuhi. Hapa niongeze tahadhari moja: vidonge vya zinki ambavyo zahanati hutoa pamoja na ORS kwa mtoto anayeharisha ni vya kunywesha, wala si vya kusaga na kupaka. Nilimkuta mama mmoja akitaka kufanya hivyo, kwa sababu jina ni moja.

Pampasi ya usiku naichagua kubwa kwa saizi moja na kuifunga kwa kulegeza, vidole viwili vipite kiunoni, ili hewa iingie.

Katikati ya usiku mambo yanategemea kilichomo. Kama ni choo, nambadilisha papo hapo, hata kama ndiyo kwanza amepata usingizi, kwa kuwa nusu saa ya kinyesi juu ya kidonda huharibu kazi ya siku nzima. Kama ni mkojo tu, simwamshi. Nasubiri anapoamka kunyonya, na katika siku za kuungua hilo hutokea mara mbili hivi hadi alfajiri. Kubadilisha nafanyia ndani ya chandarua, kwa kuwa malaria ya huku kusini si ya kufanyia mzaha na makalio yaliyo wazi ni karamu ya mbu. Natandika mpira wa kulalia mtoto, juu yake kanga iliyokunjwa, tochi naielekeza ukutani isimpige machoni. Namwagia maji vuguvugu kidogo kidogo kwa pamba iliyolowa, nikiyaacha maji yenyewe yachukue uchafu. Krimu iliyogandia siisugui: nafuta tabaka la juu lililochafuka na kuacha lililo safi, kisha naongeza jipya juu yake. Pale inapolazimu kuitoa yote, mafuta ya nazi kwenye pamba huilegeza bila maumivu, na hiyo ndiyo nafasi niliyoyapa mafuta ya nazi katika jambo hili, ingawa bibi zetu wa Lindi na Mtwara huyapa sifa kubwa zaidi. Baada ya hapo namnyonyesha akiwa bado wazi, kanga ikiwa chini yake, dakika kumi au kumi na tano. Akinilowesha, amenilowesha. Kunyonya humtuliza mtoto aliyeungua kuliko wimbo wowote ninaoujua, na wakati huohuo ngozi inapata hewa.

Kwetu hata hivyo hayo yote hayakutosha, na mama mkwe ndiye aliyenisukuma kwenda kliniki kesho yake. Muuguzi alimfungua, akatazama ndani ya mikunjo ya mapaja, mahali ambapo nepi haigusi sana, akaona pamechubuka kuliko makalioni, na pembeni pametapakaa vipele vidogo vilivyojitenga kama visiwa. Akamtazama mdomoni, akaonyesha utando mweupe ambao mimi nilidhani ni mabaki ya maziwa. Hiyo ilikuwa fangasi, ambayo hupenda kuingia vipele vya nepi vikikaa zaidi ya siku tatu, hasa mtoto akiwa ametumia antibiotiki. Aliniachisha ile krimu ya mchanganyiko na kunipa dawa ya fangasi peke yake, ya kupaka kwanza, ikauke, ndipo zinki ifuate juu, pamoja na dawa ya mdomoni. Alisisitiza niendelee kwa siku zote alizoandika hata ngozi ikionekana imepona. Siku tatu baadaye binti yangu alilala toka saa tatu hadi saa kumi bila kulia.

Kwa hiyo asiyeona nafuu ifikapo siku ya tatu asiendelee kubadilisha krimu nyumbani. Na asisubiri hata siku hizo tatu ikiwa mtoto ana homa, anakataa kunyonya, ana malengelenge, usaha au vidonda vinavyotoa damu, au ni mchanga wa wiki chache tu. Huyo apelekwe kesho yake asubuhi, na mwenye homa au anayekataa kunyonya apelekwe usiku huohuo.

Limebaki suala la nepi za kitambaa na la mikono. Nepi nazisuuza mara tatu mpaka maji yasiteleze, maana sabuni ya unga iliyobaki kwenye uzi huamshwa na mkojo na kuwasha. Nazianika juani, na msimu wa mvua, zinapokaukia ndani au kubaki na unyevu, nazipiga pasi ya mkaa pande zote mbili, kwani kuna inzi wanaotaga mayai kwenye nguo mbichi na funza wao huingia katika ngozi ya mtoto. Ama mikono, sisi wa mikoa hii tuna jambo letu: mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na kila aliyewahi kubangua anajua yanavyoganda vidoleni na kubadilisha rangi yake. Wifi yangu hubangua korosho za kuuza. Tulikubaliana naye bila ugomvi kwamba siku za kazi hiyo mtoto atambeba akiwa amevaa, na kumbadilisha atamwachia mwingine.

Mvua ilipokatika mwezi wa Mei nepi za kitambaa zilirudi kambani, na pampasi zikabaki za safari na za usiku. Kile kikapu hakijaondoka kando ya kitanda, na chupa ya chai bado naijaza kila jioni. Kuna siku inaamka asubuhi ikiwa haijafunguliwa, nasi tunapikia uji maji yale.