Maswali na Majibu ya Hisabati: Kabla Hujafungua Kitabu cha Kidato cha Tano

Maswali mengi ya safari hii yametoka kwa waliomaliza Kidato cha Nne na sasa wanasubiri kwenda mbele. Karibu wote wanauliza mada za juu: logarithimu, kalkulasi, vekta. Nimejibu, ila mtaona majibu yanarudi darasa la tano na la sita. Ndiko kulikoharibika.

Nina C ya Hisabati na nimechagua PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati). Nimeshaanza pre-form five na tuko kwenye kalkulasi. Niongeze nini ili Julai nisishtuke? (Morogoro)

Usiongeze kitu, rudi nyuma kwanza. Chukua karatasi, funga kikokotoo kabatini, jipe dakika 20 ufanye haya kumi: 3/4 − 5/6, kisha 2⅓ ÷ 1¾, kisha −7 − (−12), kisha (−3)² na −3², ukieleza kwa nini hazilingani, kisha 0.06 × 0.5, kisha 2 × 3² − 10 ÷ 5, kisha √(9 + 16). La nane, bei imepanda kwa asilimia 25 halafu ikashuka kwa asilimia 20: imefikia wapi? La tisa, tafuta x katika 3(x − 4) − 2(x − 5) = 7. La kumi, katika v = u + at, tafuta t.

Majibu: −1/12, 1⅓, 5, 9 na −9, 0.03; 16; 5; imerudi palepale ilipoanzia; x = 9; t = (v − u)/a. Ukipata tisa au yote, endelea na kalkulasi yako. Ukipata chini ya tisa, iache kwa wiki sita: mbili za sehemu na desimali, moja ya namba hasi na mabano, moja ya vipeo, mbili za milinganyo na kubadili fomula. Matokeo hutoka Januari na Kidato cha Tano huanza Julai, kwa hiyo muda unao.

Kama unadhani nakuchelewesha, angalia derivativu ya kipeuo cha pili cha x. Kanuni yenyewe ni fupi: kipeo kinashuka kuwa kizidisho, halafu kinapunguzwa 1. Lakini kabla ya hapo ni lazima ujue kwamba √x ni x yenye kipeo 1/2. Kisha ufanye 1/2 − 1 upate −1/2. Kisha ukumbuke kwamba kipeo hasi hupeleka x chini ya mstari, ndipo upate 1/(2√x). Hatua ya kalkulasi hapo ni moja tu. Zilizobaki ni sehemu, namba hasi na vipeo, na ndizo zinazokula alama.

Vituo vingi vya tuisheni vinakimbilia mada za Kidato cha Tano kwa sababu ndizo zinazouza. Mzazi akiona daftari limejaa alama ngeni anaridhika kwamba ada yake imefanya kazi. Kituo kisichokupa jaribio la sehemu siku ya kwanza hakijui kinamfundisha nani.

Naomba PDF yenye formula zote za O-Level. (Wengi mno)

Hapana. Ziko kwenye kitabu chako, na asiyejua kubadili v = u + at hatafaidika na kurasa 30 za fomula nyingine.

Mwanangu yuko darasa la sita. Alipewa 10 − 3 + 2 akajibu 5, mwalimu akamkosesha. Yeye anasema amefuata MAGAZIJUTO, kujumlisha kunatangulia kutoa. Nani yuko sahihi? (Mama, Tabora)

Mwalimu yuko sahihi, jibu ni 9. Ila mtoto hana kosa kubwa, kwa sababu amefuata alichokaririshwa. MAGAZIJUTO inasema Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa, na watoto wanaisoma kama foleni ya benki. Kumbe kujumlisha na kutoa vina cheo kimoja: unavifanya kwa mpangilio vilivyokuja, kushoto kwenda kulia. Kugawanya na kuzidisha nako ni hivyohivyo.

Mfundishe hivi, mama. Kila namba inatembea na alama iliyo kushoto kwake. Katika 10 − 3 + 2 tuna 10, tuna −3, tuna +2. Zijumlishe kwa mpangilio wowote upendao, utapata 9. Alichofanya yeye ni kuondoa alama ya kutoa kwenye 3 na kuitandika juu ya 3 + 2 yote, kana kwamba pana mabano. Mpe 20 − 8 + 5 − 3. Akipata 14 ameelewa, akipata 4 bado.

Kuna tundu lingine ambalo hukuliulizia: MAGAZIJUTO haina herufi ya vipeo. Ndiyo maana mtu anafika Kidato cha Tatu anaandika 2 × 3² = 36. Kipeo kinafanywa baada ya mabano na kabla ya kuzidisha, kwa hiyo ni 2 × 9 = 18. Walimu wa msingi, lisemeni hili mapema.

Kwa nini wanafunzi wa Kidato cha Kwanza bado wanajumlisha kiasi na kiasi, asili na asili? Nimewaeleza KDS (kigawe kidogo cha shirika) mara nyingi. (Mwalimu, Kigoma)

Kwa sababu KDS ni utaratibu, na wao hawajaona shida ambayo utaratibu huo unatatua. Mwanafunzi akiandika 1/2 + 1/3 = 2/5, usimwambie tafuta KDS. Muulize: 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Ni ndogo. Umeanza na nusu, ukaongeza kitu, ukapata pungufu ya nusu? Mwache hapo dakika moja. Kisha mpe ukanda wa karatasi uliogawanywa vyumba sita: nusu ni vyumba vitatu, theluthi ni viwili, jumla vitano kati ya sita. Sasa KDS ina kazi: inatafuta ukubwa wa chumba ambao sehemu zote mbili zinaweza kupimwa kwa huo.

Halafu muonyeshe kwamba KDS inapunguza kazi tu. Kwa 5/12 + 7/18, asiyeikumbuka anaweza kuzidisha 12 × 18 apate 216, aandike 90/216 + 84/216 = 174/216, agawanye juu na chini kwa 6 apate 29/36. Mwenye KDS ya 36 anaandika 15/36 + 14/36 na kumaliza. Jibu ni moja. Mwanafunzi akijua hivyo haogopi tena akiisahau kwenye mtihani.

Na mwalimu wa fizikia akilalamika, kosa ni lilelile. Vizuizi vya omu 6 na omu 3 vikiwa sambamba, 1/R = 1/6 + 1/3 = 1/2, kwa hiyo R = 2. Nusu ya darasa watajumlisha hovyo, na kati ya waliopatia wengine wataacha jibu kuwa 1/2 bila kugeuza. Wape kipimo: vizuizi sambamba lazima vitoe jibu dogo kuliko kizuizi kidogo kabisa, lakini 1/R lazima iwe kubwa kuliko kila sehemu iliyojumlishwa.

Kwenye (x + 6)/6 nilikata 6 na 6 nikabaki na x. Mwalimu ameweka mkasi mwekundu bila maelezo. (Kidato cha Tatu, Mwanza)

Weka x = 6. Juu ni 12, chini 6, jibu 2. Wewe umepata 6. Kwa hiyo kukata kwako si halali.

Unakata kinachozidisha juu yote, hukati kilichojumlishwa. 6x/6 inakatika. (6x + 12)/6 inakatika ukishatoa 6 nje ya mabano: 6(x + 2)/6 = x + 2. Wanaoandika (a + b)² = a² + b² wanaugua ugonjwa huohuo, na wanaoandika log(a + b) = log a + log b pia. Jaribu 3 na 4: 7² ni 49, lakini 9 + 16 ni 25. Kila unapokuwa na shaka na hatua, weka namba ndogo pande zote mbili. Usitumie 0, 1 wala 2, hizo hudanganya: 2 + 2 na 2 × 2 zinatoa jibu moja.

Na kwa kuwa tuko hapa, ule wimbo wa "ikivuka inabadilika alama" uacheni. Ndio unaomfanya mtu aandike t = v − u − a. Herufi a imeshikamana na t kwa kuzidisha, inaondolewa kwa kugawanya pande zote mbili. Hakuna kinachovuka. Unafanya jambo moja kushoto na kulia, unaandika mstari mpya.

Mimi si mtu wa hesabu kabisa, nifanyeje? (Dodoma)

Fanya jaribio la hapo juu, kisha uniandikie ni swali la ngapi ulilokwama.

Ninaanza cheti cha uhasibu. Bei pamoja na VAT ya asilimia 18 ni shilingi 59,000. Nimetoa asilimia 18 nikapata 48,380, kitabu kinasema 50,000. Kitabu kimekosea? (Dar es Salaam)

Kitabu kiko sawa. Asilimia 18 haikuhesabiwa juu ya 59,000, ilihesabiwa juu ya bei ya awali usiyoijua. Bei hiyo ni asilimia 100, pamoja na kodi ni asilimia 118. Kwa hiyo 59,000 ÷ 1.18 = 50,000. Rudisha kuhakiki: 50,000 × 0.18 = 9,000, ukiongeza unapata 59,000. Ukifanya hivyo kwa 48,380 hufiki.

Kila uonapo asilimia, andika pembeni: ya nini? Mhasibu asiyejiuliza hivyo ataandika kodi isiyo sahihi miaka yote.

Nina miaka 38, ni fundi, naingia VETA kusoma ujenzi. Nianzie wapi? (Mbeya)

Uwiano na vipimo, kaka, vingine vitafuata. Mchanganyiko wa 1:2:4 una mafungu saba, si manne, kwa hiyo saruji ni 1/7 ya ujazo wa vitu vikavu. Wengi wanasema robo. Mita moja ya mraba ina sentimita za mraba 10,000, wala si 100, maana unazidisha 100 × 100. Mita moja ya ujazo ni lita 1,000. Tangi la mita 1.2 kwa 1 kwa 0.8 linabeba mita za ujazo 0.96, yaani lita 960. Kabla ya kuzidisha, geuza vipimo vyote viwe vya aina moja. Ukichanganya mita na sentimita katika mstari mmoja, jibu limeshaharibika.

Kikokotoo kinanipa majibu tofauti na ya kitabu. Kimekufa? (Zanzibar)

Bonyeza sin 30. Ikitoka 0.5 kiko kwenye digrii. Ikitoka −0.988 kiko kwenye radiani, kirudishe. Kosa la pili: 12 iliyo juu ya 2 + 4 inaandikwa 12 ÷ (2 + 4), jibu 2. Bila mabano kinakupa 10, na kimetii ulichokiambia.

Nisome saa ngapi kwa siku, na nifanye past paper za miaka mingapi? (Arusha)

Dakika 45 kila siku zinafaa kuliko saa sita za Jumamosi pekee. Dakika 10 za kwanza rudia maswali mawili ya jana bila kuangalia. Dakika 25 fanya mapya, ukichanganya mada, maana kwenye mtihani hakuna atakayekuambia swali linatoka sura ipi. Dakika 10 za mwisho ni za daftari la makosa: kushoto nakili mstari uliokosea, mstari huo tu, kulia andika sababu kwa maneno. "Nimesahau kuzidisha −2 na −5" ni sababu. "Uzembe" si sababu, kwa sababu huwezi kuufanyia mazoezi. Swali lililokosewa lirudiwe kesho, kisha baada ya wiki.

Past paper ziache hadi miezi miwili ya mwisho. Wengi wanazifanya majibu yakiwa pembeni, wanatikisa kichwa kila mstari, wanahesabu wamefanya miaka kumi. Wamesoma majibu ya miaka kumi.

Kutafuta vigawo vya 6x² + x − 12 kunanila dakika kumi. Kuna njia ya mkato? (Kidato cha Nne, Songea)

Njia ipo, lakini inadai ujue jedwali la kuzidisha kinyumenyume hadi 12 × 12. Zidisha 6 × −12 upate −72. Unataka namba mbili zinazozaa −72 na jumla yake ni 1. Orodhesha jozi za 72: 1 na 72, 2 na 36, 3 na 24, 4 na 18, 6 na 12, 8 na 9. Zinazotofautiana kwa 1 ni 8 na 9, kwa hiyo +9 na −8. Andika 6x² + 9x − 8x − 12, kisha 3x(2x + 3) − 4(2x + 3), kisha (3x − 4)(2x + 3). Panapoharibika ni kwenye −8x − 12: ukitoa −4 nje, ndani ni 2x + 3, si 2x − 3. Mabano mawili yasipofanana, umekosea alama hapo.

Ukikosa jozi ndani ya dakika moja, kokotoa b² − 4ac. Hapa ni 1 + 288 = 289, ambayo ni 17 × 17, maana yake vigawo vipo, endelea kutafuta. Ingetoka 290 ungeacha mara moja na kwenda kwenye fomula.