Mtoto wa kijijini kuachwa na wa mjini: ni akili au ni hali ya nyumbani?

Mleta mada, umesema mtoto wa dada yako aliyetoka kijijini anaachwa mbali na wanao wanaosoma naye darasa la nne, ukauliza kama umaskini unashusha akili. Nimefundisha shule ya msingi miaka 14, kwanza kijijini Singida, sasa shule ya kulipia mjini, na swali lako nimeishi nalo muda mrefu.

Kule kijijini nilikuwa na binti niliyeshamhesabu kuwa mzito. Jumamosi moja nikamkuta mnadani akiuza vitu vya mama yake. Nikachukua mayai manne ya 400 na mafungu matatu ya karanga ya 200, nikampa noti ya 5,000. Akahesabu kupanda: elfu mbili mia mbili, mpaka elfu tatu, mpaka elfu tano. Nikapewa 2,800 yangu kabla sijamaliza kujumlisha. Jumatatu nikamwandikia ubaoni 5,000 toa 2,200. Akajibu 3,200. Niliumia sana, maana mzigo ule ulikuwa wangu mimi mwalimu.

Nilipokwenda kujiendeleza chuoni nikakuta watafiti waliandika habari hiyohiyo mwaka 1985 kutoka Recife, Brazil. Watoto wanaouza vitu mitaani walipatia asilimia 98 ya hesabu wakiwa kwenye biashara zao. Hesabu za namna ileile zilipowekwa kwenye karatasi kama namba tupu, wakapatia asilimia 37 tu.

Lakini wanaosema umaskini haugusi akili kabisa nao siwaungi mkono. Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wetu wa chini ya miaka mitano wamedumaa, na udumavu hauishii kwenye kimo. Ubongo unajengwa kwa kasi tangu mimba hadi miaka miwili. Mama akikosa madini joto, mtoto akikosa madini chuma na chakula cha kutosha, kuna vitu ambavyo shule haitavirudisha vyote. Halafu kuna njaa ya siku yenyewe. Tulipoanza uji wa saa nne kwa mahindi ya wazazi, waliokuwa wakilala vipindi vya mwisho walianza kunyoosha mikono.

Hawa ninaowafundisha sasa wanakuja wameshiba, wana vitabu na tuisheni, na wazazi wao wana nafasi ya kuwajibu wanapouliza “kwa nini”. Ukiwapima siku moja, unapima na hayo yote.

Huyo mtoto wa dada yako umesema kwao wanaongea kilugha, na hadi mwaka jana alisoma kwa Kiswahili. Leo anaulizwa kwa Kiingereza! Mtume dukani na elfu kumi, mtajie vitu vitatu bila kumwandikia, usikilize atakavyokueleza chenji. Na umpeleke akapimwe damu na macho. Nina mwanafunzi niliyemwita mzembe mwaka mzima, kumbe kutoka dawati la nyuma alikuwa haoni ubao.